Bibi Aliyetupunguzia Vitu

Habari ilinikuta dukani. Nilikuwa Usita wa Mui, ile njia ya maduka hapa Amu, mkono mmoja nimeshika blenda na wa pili saa ya ukutani, nikimtafutia baba mkwe zawadi ya Idi. Baba mkwe wangu ana blenda mbili, na saa za ukutani kila chumba, kila moja ikishikilia wakati wake. Simu ikalia. Mke wangu, bila hata salamu, akaniambia kwamba bibi wa juu ametutoka na maziko ni baada ya Alasiri. Nikarudisha vitu rafuni. Mwenye duka aliuona uso wangu umebadilika, akauliza ni nani, nikamwambia. Akainua mikono akasoma Fatiha mpaka mwisho, akajipangusa uso, kisha akasema taratibu: "Alikuwa adui wa biashara yangu, Allah amrehemu." Nami nilijua anasema kwa mapenzi, kwa sababu macho yake yalikuwa yamelowa.

Mimi nilikuwa mpangaji wake. Yeye aliishi orofa ya juu ya nyumba ya marehemu baba yake, mimi na familia yangu chini, sakafu yake ndiyo dari yangu. Mnaoisoma safu hii mnajua kwamba kila Ramadhani ikielekea ukingoni mnaniletea swali lile lile: nimpe nini mama, au shangazi, au mkwe, ambaye ana kila kitu? Na kila mwaka mimi hujibu ovyo ovyo: manukato, msala, tende. Marehemu alikuwa akisomewa majibu hayo, na yakimkera huipiga sakafu kwa bakora. Hiyo ndiyo ilikuwa simu yetu. Ningepanda ngazi na kusimama mlangoni mwa ukumbi wake, naye angeniuliza kwa upole kama kweli nimesoma shule, na kama shule hiyo bado ipo.

Yeye alikuwa na njia yake ya kutoa mkono wa Idi. Hakuleta kitu, alichukua. Lile kumi la mwisho alikuwa akizunguka nyumba za jamaa na majirani, anakaribishwa, anakaa, na kwa kuwa ni mchana wa saumu hakuna cha kumpa wala cha kumshughulisha. Basi macho yake yalifanya kazi. Akimaliza humwambia mwenye nyumba: "Idi hii sikupi kitu. Nitakupunguzia zitu." Ukikubali, na watu walikubali wakidhani ni maneno tu ya mtu mzima, asubuhi ya Idi, hata kanzu hujaipasha moto mwilini, mahamali wawili na punda wanapiga hodi: Bi anawasalimu, Idi mubaraka, wamekuja kuchukua televisheni ile iliyokufa. Kizima kilikwenda kwa mtu anayeoa au anayeanza maisha. Kibovu kilikwenda kwa fundi, au huko vinakokwenda vitu vibovu.

Asiyekaa Amu anaweza kuuliza ugumu uko wapi wa kutoa televisheni nyumbani. Ugumu ni ngazi. Nyumba zetu za mawe ni ndefu, ngazi zake ni za giza na kona kali, na nje hakuna gari la kusogea mlangoni. Kitu huja kwa boti, kinabebwa gatini, kinapita vichochoroni, kinapandishwa kwa kelele na majeraha, na kikishafika juu kila mtu anaapa kwamba hakitashuka tena. Kikifa, kinafunikwa kitambaa cha maua na kuwekewa chano cha vikombe. Zamani haikuwa tabu, vitu vilikuwa vichache na vikidumu. Siku hizi vijana wetu wako Mombasa, wako Ghuba, wanafanya kazi ngumu na wanatuonea huruma, na huruma ikikosa pa kwenda inaingia kwenye katoni. Mimi mwenyewe nilitumiwa na mwanangu baiskeli ya mazoezi, daktari aliponiambia nichunge sukari. Niliipanda mara chache kwa heshima ya mtumaji, kisha ikawa ya kuanikia kanzu. Marehemu alipoiona aliizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe. "Mwanangu," akaniambia, "mui mzima hauna gari, watu wote waenda kwa maguu. Wewe wakaa ndani waendesha baiskeli isokwenda?" Iliondoka Idi ile ile. Nilinuna siku nzima, halafu kwa kukosa pa kuanika kanzu nikaanza kuivaa na kutoka.

Siwezi kusema kwamba hakukosea. Kuna mwaka, kabla magoti hayajamharibikia, alimpunguzia mpwa wake wa Shela kasha moja la zamani lililokuwa limekaa bure chini ya ngazi, akaamuru lipelekwe Siyu kwa biharusi fulani asiyekuwa na pa kuwekea nguo. Chini ya ngazi ile makasha yalikuwa mawili, na mahamali wakachukua lile zuri. Lile zuri lilikuwa la mama mkwe wa mpwa wake, bibi kizee aliyejitayarishia safari yake ya mwisho kama wazee wengi wanavyofanya. Kule Siyu biharusi akalifungua mbele ya wanawake waliojaa chumba, akatoa sanda, pamba, karafuu maiti na chupa ya marashi. Akazimia, au alijizimisha, wasimulizi wanatofautiana. Huku Shela bibi kizee akawa anauliza kila anayepita, "Sasa nife na nini?" Marehemu alipanda boti mwenyewe, akashika njia ya miguu mpaka Siyu, akaomba radhi nyumba nzima. Biharusi alikubali kurudisha sanda lakini kasha akalikatalia, kwa kuwa lilikuwa zuri kweli. Sanda ilirudi Shela imefungwa ndani ya leso mpya. Bibi kizee yule yu hai mpaka leo, na huwaambia watu kwamba sanda iliyokwisha kusafiri haina haraka.

Nyumba moja tu ilimshinda, nayo ilikuwa ya dada yake. Wawili hao walizaliwa tumbo moja na waliishi nyumba zinazotazamana, kichochoro katikati. Baba yao aliwajengea wikio, kile chumba kama daraja kinachopita juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili, ili mabinti zake watembeleane bila kushuka mtaani. Walitembeleana humo tangu ujana mpaka ujane. Kisha wana wa dada wakafanikiwa Ghuba, Mwenyezi Mungu awazidishie, na zawadi zikaanza kuingia. Nyumba ilipojaa, zikasukumwa ndani ya wikio: friza kubwa, mashine ya kufulia, mazulia yaliyoviringishwa, jenereta, katoni ambazo hazijafunguliwa. Siku moja mlango haukufunguka tena. Magoti ya wote wawili yalikuwa yamekataa ngazi. Wakawa wanapigiana simu, watu wanaosikiana wakipiga chafya.

Kila Idi marehemu alimwomba dada yake akubali kupunguziwa, na kila Idi dada alikataa. Hizo ni zawadi za wanangu, alisema, zimetoka kwenye jasho lao, na ndugu akitaka kunipa Idi anipe, asininyang'anye. Maneno hayo yalimuuma marehemu kuliko alivyoonyesha. Kwa siku kadhaa bakora haikugonga, na mimi nilijikuta nikiitamani. Mtu aliyeweza kufungua nyumba za watu wote alikuwa anazeeka nyuma ya mlango mmoja uliozibwa, na alijua, na dada yake alijua, kwamba mmoja wao atatangulia.

Mwaka jana, mwezi wa Shaaban, marehemu aliugua kifua. Alikohoa usiku na mchana. Dada yake alikisikia kikohozi kile ng'ambo ya kichochoro na hakuweza kumpelekea hata kikombe cha tangawizi kwa mkono wake. Idi ilipokaribia alimpigia simu mke wangu kumuuliza ampe nini ndugu yake. Mke wangu akafikiri, akasema kwa ukweli wake kwamba hajui, kwa sababu bibi yule hataki kitu, na kila anachopewa anakitoa. Kisha dada akaomba atumiwe wale mahamali.

Nimeona mambo mengi katika mji huu, lakini sijaona kama kushuka kwa friza ile. Hakuna aliyekumbuka ilivyopanda. Ngazi zilikwisha kutengenezwa upya na kufanywa nyembamba, kwa hiyo iliamuliwa ipite dirishani mwa wikio, kwa kamba. Mtaa mzima ulikuja kutoa ushauri, na kila mshauri alikuwa na mshauri wake nyuma. Friza ilining'inia katikati ya kichochoro, haipandi haishuki, na chini yake punda aliyebeba mchanga akagoma kupita, na nyuma yake punda wengine wakajipanga mpaka kona ya msikiti. Mtu akapiga picha akaituma Ghuba. Wana wakapiga simu wakiwa na hasira, wakiuliza nani ameruhusu friza ya mama itolewe. Walipoelezwa kwamba haijawahi kugandisha kitu tangu mwaka wa pili, walisema basi wataleta nyingine kubwa zaidi. Dada aliwaombea dua ndefu na nzuri, kisha akaizima simu. Friza yenyewe ilifika chini salama, na siku hizi kuku wanatagia humo.

Mke wangu alikuwa juu, asubuhi ya Idi, mlango wa wikio ulipofunguka. Anasema dada alikuwa amesimama upande wa pili ameshika sinia lililofunikwa kawa, na kwamba alikuwa amepanga hotuba, ilikuwa inaonekana usoni. Marehemu alimtazama kutoka juu mpaka chini. "Umenenepa," akamwambia. "Nawe umekonda," dada akajibu akilisogeza sinia, "ndoo ule." Baada ya hapo wakalia wote wawili, na mke wangu akalia, na mimi chini niliyekuwa nasikia tu nikajikuta nafuta miwani.

Tangu siku ile sikuandika makala kwa utulivu. Walibishana juu ya kichwa changu kutwa nzima: nani alivunja jungu la mama yao, nani aliposwa kwanza, nani hutia hiliki kupita kiasi. Marehemu alifariki juma lililopita, kabla ya Adhuhuri, mkono wake umo mkononi mwa dada yake aliyekuwa amevuka wikio kwa kanga za nyumbani kama alivyovuka kila siku. Wanaume tulipotoka makaburini, mke wangu alikwenda kumpa dada mkono wa tanzia. Mke wangu akamwambia lile tunaloambiana sote, kwamba ashukuru walipata kuwa pamoja. Dada akatikisa kichwa. "Mwaka mmoya nalikaa na ndu yangu," akasema. "Ile mingine yote nalikaa na friza."

Basi ninyi mnaoniuliza mnunue nini, mwaka huu sina manukato wala tende za kuwatajia. Huenda huyo mnayemtafutia hana nafasi ya kitu kingine, na huenda mlipojaza ndipo mtu alipokuwa akipita kuja kumwona. Kabla ya kwenda dukani, nendeni kwake mkatazame zawadi zenu za miaka iliyopita ziko wapi, na zimeziba mlango wa nani.