Mate Juu ya Tairi

Juzi tukitoka Iringa kurudi nyumbani Ilomba, tairi la nyuma la gari lilianza kuishiwa upepo tulipofika Igawa. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akiendesha, akashuka akakuta skrubu imezama kwenye mpira. Akalamba kidole, akapaka mate pale, akainama kutazama kama linatoka povu. Mama alikuwa kiti cha nyuma. Mimi niligeuza uso, maana mate yale yalinikumbusha mengine.

Tulikulia Madibira, katikati ya majaruba ya mpunga. Wakati wa mavuno nyumba nzima ilinukia wali mpya, na sisi watoto tulishinda shambani tukigonga makopo kufukuza ndege. Baiskeli alikuwa nayo jirani mmoja tu, naye alikuwa mtu wa kubwia ugoro. Mate yake, Mungu anisamehe, yalikuwa mazito kama uji uliolala, tena ya rangi ya tope. Tairi likichomwa, hakujisumbua kulifungua na kuzamisha mpira kwenye beseni la maji. Alitema palepale penye tundu, kisha akaanza kusali Baba Yetu. Povu likipasuka kabla ya Amina, anaziba. Lisipopasuka, anapanda. Sisi ndio tuliomshikia gurudumu, nyuso zetu karibu na ule uchafu, pumzi tumezibana. Mpaka leo nikiukumbuka natema.

Siku uchungu ulipomshika mama, bibi alinituma nikamwite jirani ampeleke zahanati. Akaja, tairi la nyuma lina mwiba. Bibi akamsihi alizibe kwanza, akamwambia usipoziba ufa utajenga ukuta.

"Huu si ufa, bibi, ni kamwiba tu," jirani akacheka, akatema.

Sijapata kusikia Baba Yetu ikikimbizwa namna ile! Mkate akauruka, makosa akayaruka, akatua kwenye Amina povu likiwa bado linavimba.

"Mwiba wenyewe ndio umeziba. Itafika tu."

Akampakia mama kwenye keria. Mimi na bibi tukafuata kwa miguu, na hatukwenda mbali. Tuliwakuta katikati ya mashamba, tairi limelala, mama amejifungulia juu ya tuta, kwenye matope. Mtoto alikuwa wa baridi na halii. Jirani alikuwa amegeukia pembeni, anabwia ugoro. Bibi alimfunika mtoto kwa khanga yake, akamsugua mgongo huku akilia, mpaka mtoto akatoa sauti.

Mtoto huyo ndiye aliyekuwa amechuchumaa pale Igawa, akifuta kidole kwenye suruali. Fundi pancha alikuwa ng'ambo ya barabara, anatutazama.

"Dada, skrubu yenyewe imeziba. Tuongeze upepo tu, itafika."

Nilimtazama nikachukia. Bibi ametutoka, jirani naye hayupo, baiskeli imeliwa na kutu, na watoto wa siku hizi hata kugonga makopo hawajui. Mazuri yote yale yamepotea, ila neno hili la uvivu, linalonuka ugoro, ndilo lililobaki. Tena limebaki mdomoni mwake!

Kabla sijamjibu, mlango wa nyuma ulifunguka. Mama akashuka polepole, akavuka barabara, akaketi kwenye benchi la fundi.

"Siku ile nilipanda," alisema. "Leo sipandi."