Jiwe la Baba Yake Djamila

Mama Djamila alitaka jina la marehemu baba yake, lililofutika kwenye jiwe la kaburi, lisomeke tena. Faradji, mpiga picha wa Kasongo, akasimamisha kamera juu ya jiwe, akalitilia kivuli kwa turubai, akalimulika kwa tochi kutoka kila upande, picha baada ya picha. Kompyuta ikalinganisha vivuli, ikachora mabonde ya jiwe. Herufi hakuna! Makwaruzo matupu ya panga. Faradji akakumbuka: kila Ramadani ikikaribia, nani alikuwa akikwangua chokaa kuukuu ya jiwe hilo kwa panga kabla ya kupaka mpya, kama si yeye?

"Iko nini?" mama akauliza.

"Mvua imelikula, mama."

"Mvua haina haya! Mungu akubariki weye, mutoto wangu, uliyelitunza kaburi la baba."