Kovu la Lupe

Fundi wa picha wa mtaani kwetu Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, ana sauti ya chini na vidole vizito. Kila anapohifadhi picha ya jpeg kwenye kompyuta, husukuma kipimo cha ubora hadi mia. Watu humlalamikia kwamba picha zake ni nzito mno kutumwa kwa simu. Juzi mama mmoja, 'Ana, alimletea picha ya bintiye Lupe, aliyefariki Jumapili.

"Ifanye nyepesi, mwanangu, iwafikie kaka zake huko ng'ambo, Auckland, kabla hatujamzika."

Fundi akashusha kipimo hadi ishirini, akamwonyesha. Kovu dogo la shavuni mwa Lupe lilikuwa limefutika.

"Huyu si wangu," 'Ana akasema.

Fundi akakirudisha kipimo hadi mia, akaituma, akamvutia kiti, wakakaa wakisubiri picha hiyo nzito imalize kwenda, mpaka jioni.