Tusi la Gazeti Kwenye Kiwanda cha Nguo

Zillah Hargreaves, mfumaji wa mitambo minne ya nguo mjini Nelson, Uingereza, alikuwa amechoka. Miaka sita alikuwa akitoka kazini na kupita mlango kwa mlango, karatasi mkononi, akiwaomba wanawake waweke saini ili Bunge liwape haki ya kupiga kura. Kwa upole, kwa adabu zote. Walimpa chai na mkate wa siagi, saini walimnyima. Karatasi ya mwisho ilitakiwa London Jumamosi, nayo ilikuwa na majina manne, moja lake na moja la dada yake.

Kama hayo hayatoshi, mwaka huo wa 1906 gazeti moja la London likamwongezea. Wadai kura kama yeye walikuwa na jina lao la heshima, safrajisti. Gazeti likalikata mkia, likabandika mwingine wa dharau, ikawa "safrajeti", kama mtu aseme vijike vya kura. Lilikuwa likiwacheka wale waliowazomea mawaziri mikutanoni. Zillah hakuwahi kumzomea hata paka!

Alhamisi asubuhi Ogden, fundi wa mitambo, alilibandika gazeti hilo mbele yake.

"Haya, safrajeti wetu! Mumeo atapikiwa na nani?"

"Mume wangu ana mikono. Yako ina kazi gani, mbona mtambo wangu wa tatu umekufa tangu jana?"

Ogden akacheka, akajiendea. Mitambo ikanguruma. Humo ndani sauti ya mtu haisikiki. Wafumaji husemezana kwa kusomana midomo tu, na neno huvuka ukumbi mzima kabla fundi hajageuka. Zillah akaliona likienda, safrajeti, safrajeti, mdomo hadi mdomo, na vicheko juu. Alitamani kulia kwa hasira. Nani tena angeweka saini?

Saa ya chakula akaja Bi Kezia Holt, mfumaji mzee aliyekwisha kumfungia mlango mara tisa.

"Ile karatasi yako iko wapi, mwanangu?"

"Leo ndiyo unaiulizia?"

"Nilidhani ni mambo yako tu ya kupitisha muda. Kumbe mabwana wakubwa wanakosa usingizi mpaka wanatutungia matusi! Basi kuna kitu wanakiogopa. Lete kalamu."

Nyuma yake foleni ya wafumaji ilikuwa imefika mlangoni. Zillah akakitua kidau cha wino mezani kwa kishindo.

"Miaka sita nimewaomba vizuri!" akawafokea. "Miaka sita! Mlikuwa mnangoja nitukanwe?"

"Punguza kelele, safrajeti," akasema Bi Kezia, ameinamia jina lake. "Unanitikisia meza."