Kopo la Mchele

Juzi mtoto wa jirani alikuwa akitikisa kopo la tomati lenye mchele ndani, na sauti ile ikanirudisha Likasi, kwenye kwaya ya watoto ya parokia yetu. Wakati ule gare, kituo chetu cha treni, ilijaa familia zilizofukuzwa kutoka mkoa wetu. Zililala chini zikingoja treni ya kuzirudisha Kasai, na moshi wao ulinuka hadi kanisani.

Mama Vero, mwalimu wetu wa kwaya, alimwaga makopo ya kutikisa kwenye benchi. "Chagula, mwanangu."

Joze alinyakua kubwa la maziwa, lenye changarawe. Mimi nilipenda lile dogo la mchele. Lilisema taratibu, shwa, shwa.

Mama Vero alisita. "Ile ya Joze njo ya kilio ya bakubwa. Ile yako njo ya kilio ya batoto. Mukono yako itachoka."

Tukashuka gare. Tuliimba mbele ya furushi dogo la kitenge ambalo mama mmoja alikuwa akililia, tukasogea kwa lingine, kisha lingine. Joze alikaa juu ya tofali akipiga miayo, kopo lake mapajani.

Jioni mkono uliniuma. Nilimwambia mama kwa majivuno kwamba Joze hawakumwita hata mara moja, kwa sababu hakujua kupiga kama mimi.