Mkia wa Kondoo wa Fedha

Bibi alivua bangili zake tatu za fedha, alizovaa tangu aolewe, ziyeyushwe zitengenezwe sahani ya kuwekea hostia za komunyo katika kanisa la kigango chetu cha Kasansa. Katikati alitaka mwanakondoo. Nikamuuliza kama hostia haziwezi kukaa kwenye sahani yoyote.

"Chuo kimekufundisha kuuliza tu," akasema. "Peleka mjini."

Sonara wa Mpanda alikuwa Mwislamu. Aliyeyusha bangili, akafua sahani, akazungusha masuke ya mpunga ukingoni, kisha akanipa chuma chenye ncha.

"Viumbe vyenye roho sichongi. Kanisa lenu, mnyama wenu."

"Kanisa si langu."

"Basi la bibi yako. Taratibu, msomi. Bamba ni jembamba, ukifuta utatoboa."

Nilikuwa na kalenda ya parokia yenye picha ya kondoo mwenye manyoya kama povu la sabuni. Nani Kasansa amewahi kumwona kondoo wa hivyo? Nikachonga ninaowajua: nywele fupi, masikio yaliyolala, mkia mnene. Nilipomaliza, sonara aliinua sahani mwangani.

"Mashallah. Mbuzi mzuri."

Njia nzima ya kurudi nilifunua kitambaa, nikafunika, nikafunua tena. Katika Injili mbuzi huwekwa kushoto, kisha hutupwa motoni. Moto huo siuamini. Lakini bangili za Bibi hazikuwa bangili tena, na sahani ikikataliwa atabaki na mikono mitupu.

Kanisani katekista alivaa miwani. "Bibi, huyu msomi wako katuletea mbuzi?"

"Tutamchoma Pasaka!" mama mmoja wa kwaya akadakia, wenzake wakacheka.

Bibi, ambaye macho yake yana ukungu, hakucheka. Alimpapasa mnyama kwa kidole: sikio, mgongo, mpaka mwisho.

"Mkia umeshuka," akamwambia katekista. "Mwalimu, wewe ulichunga wapi? Mbuzi husimamisha mkia."

"Labda mbuzi mgonjwa," katekista akanung'unika, lakini akaipokea. "Padre ataamua."

Jumapili nilimshika Bibi mkono kwenye foleni ya komunyo, mimi nisiyepokea. Padre alikuwa ameishika sahani ile ile. Nilichungulia wakati Bibi akifumba mdomo.

Tuliporudi kwenye benchi akaninong'oneza, "Umemwona?"

"Hostia zimemfunika. Umebaki mkia tu."

Akanibana mkono. "Umeshuka kweli?"

"Umeshuka, Bibi."