Peugeot Iliyopeleka Wafu Nyumbani

Nicodemus Waliaula alikuwa na Peugeot kuukuu, na kila mtu wa kwao aliyefia Kisumu alipelekwa nayo kuzikwa nyumbani kijijini, bila malipo. Mwaka 1974, karibu na Kisian, injini ilivunjika ndani ikatoboa bloku, kasha lake la chuma.

"Mzee, hii haishoneki," alisema Gichuki, fundi wa magari aliyeitwa kutoka Kondele, mjini Kisumu. "Tutie injini nyingine. Iko Bondo, nzima kabisa."

"Mistri Karsan, yule fundi Mhindi, angeishona kwa kukaza pini za chuma kwenye nyufa, moja baada ya nyingine."

"Karsan alihama, na hakuna aliyejifunza kazi yake. Siku hizi ni kutoa na kutia tu."

"Hiyo ya Bondo imetoka gari gani?"

Gichuki alipangusa mikono. "Peugeot kama yako. Ilipinduka, ikaua watu. Lakini injini haina dini, Mzee!"

Nicodemus hakucheka. Angewezaje kuwapeleka wafu wa watu kwa injini iliyoua? Aliliacha gari pale pale kando ya barabara, juu ya mawe, akarudi nyumbani kwake mjini kwa miguu.

Mkewe Metrine, aliyekuwa mgonjwa kitandani tangu mvua za masika, alimsikiliza hadi mwisho.

"Na mimi, Baba Nabututu, atanipeleka nani?"

Nicodemus aliketi kando yake.